Maruweruwe Ndani ya Kompyuta: Kwa Nini Bado Tunamhitaji Mgonjwa Atusimulie

(Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa udaktari, wauguzi na vijana wa kompyuta. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakujaliwa kufika. Picha za ukutani nimeziacha.)

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nawashukuru kwa kuja, na nawashukuru zaidi nyinyi wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkapitia hapa badala ya kwenda kulala.

Naanza na swali. Mzee wa miaka 89, akili zake timamu, anakueleza kwa utulivu kwamba sebuleni kwake wanapita wanaume na wanawake ambao hawapo. Anaona ndege. Anaona majengo yanainuka mbele yake. Utamfanyia nini? Utamwita shehe amsomee, au mchungaji amwombee? Utamwandikia rufaa ya hospitali ya wagonjwa wa akili? Au utatabasamu, umgeuzie mazungumzo, na ukifika nje umwambie mwanawe kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa?

Mzee huyo aliishi kweli, nami nitamfikia. Kwanza niseme nililokuja kusema. Leo kompyuta inaweza kutuonyesha ubongo unafanya nini mtu anapoona kisichokuwepo, anapoanguka kifafa, anapoingia katika hali ya fahamu tofauti na hii tuliyo nayo hapa ukumbini. Lakini kazi hiyo haianzi mpaka mtu aseme alichokiona, na akisema pawe na wa kumsikiliza. Asiposikilizwa, kompyuta haina cha kuiga.

Mnaposikia uigaji wa kompyuta, msifikirie katuni ya ubongo inayowaka taa. Fikirieni hesabu. Unaandika kanuni za jinsi seli moja inavyoigusa nyingine, unaiacha mashine ikokotoe hatua kwa hatua, kisha unalinganisha ilichotoa na kilichopimwa kwenye kiumbe hai. Vikilingana, una sababu ya kuziamini kanuni zako. Visipolingana, kuna jambo hulijui, na sasa unajua pa kulitafuta.

Mwaka 1952, Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Cambridge, Uingereza, walitangaza milinganyo yao ya neva. Walikuwa wamepima umeme kwenye neva ya ngisi, neva nene kiasi cha kupitisha waya ndani yake, wakaeleza jinsi sodiamu inavyoingia na potasiamu inavyotoka pale neva inapopiga. Sasa wangejuaje kama milinganyo ni sahihi? Ilibidi ikokotolewe, na kompyuta ya chuo chao wakati huo ilikuwa haifanyi kazi. Huxley akakaa na mashine ya hesabu ya mkono aina ya Brunsviga. Akazungusha mpini, akaandika tarakimu, akazungusha tena, majuma kwa majuma, ili apate safari ya pigo moja la umeme kwenye neva moja, safari inayokwisha kabla hujapepesa jicho.

Hesabu ikatoa kasi ya mita 18.8 kwa sekunde. Kwenye neva ya ngisi mwenyewe walipima mita 21.2. Ndugu zangu, hebu mlitafakari jambo hilo. Mtu ameketi mezani na karatasi na mpini wa chuma, na karatasi imekaribia kabisa kusema anachosema mnyama. Kwangu mimi hapo ndipo uigaji wa ubongo ulipothibitisha kwamba una haki ya kuwepo.

Lakini hiyo ni neva moja na pigo moja. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Tukitaka kuiga ndoto, homa kali, kifafa, tunaanzia wapi?

Tunaanzia mdomoni mwa aliyepitia.

Ni wangapi hapa wanasumbuliwa na kipandauso? Naona mikono. Na ni wangapi, kabla kichwa hakijaanza kugonga, huona doa linalometameta lenye kingo za msumeno, likikua polepole mpaka linafunika nusu ya ukurasa unaosoma? Karl Lashley, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa mmoja wenu. Doa lilipomjia hakukimbilia kitandani. Alikaza macho kwenye nukta moja na kuchora mipaka ya lile doa, akaandika saa, akachora tena lilipokuwa limesogea. Alijua takriban ni eneo gani la ubongo, kule nyuma ya kichwa, linaloshughulikia kila sehemu ya anachokiona. Basi akapiga hesabu: kitu kinachosababisha doa hili kinatambaa juu ya gamba la ubongo kwa kasi ya milimita 3 kwa dakika, au chini kidogo. Akachapisha mwaka 1941.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1944, Mbrazil Aristides Leão, bila kuwa anatafuta kipandauso, aliona kwenye ubongo wa sungura wimbi la ajabu: umeme wa seli unazimika, na ule uzimaji unatambaa kutoka jirani hadi jirani. Kasi yake? Karibu milimita 3 kwa dakika. Leo wimbi hilo linaigwa kwenye kompyuta, na watu wanalitumia kuuliza ni wapi lingezuiwa. Vipimo vya kwanza alivitoa mgonjwa aliyekaa na penseli. Naomba mwenzangu yeyote anayependa kuandika kwenye faili "mgonjwa analalamika kuona vimulimuli" na kuishia hapo, amkumbuke Lashley.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Katika miaka ya 1920, mwanasaikolojia Heinrich Klüver alichunguza watu wanachokiona wanapotumia meskalini, dawa inayotokana na kakati wa peyote, mmea wa jangwani wa Meksiko na kusini mwa Marekani. Yeye mwenyewe aliitumia, na alikusanya simulizi za wengine. (Nyinyi msiige hilo, kuna njia salama za kujifunza.) Ungetegemea kila mtu aone vyake, kwa sababu kila mtu ana maisha yake. Kumbe katika hatua za mwanzo maumbo yalikuwa yaleyale, yakijirudia kutoka mtu hadi mtu. Klüver akayaweka katika makundi manne: wavu na sega la nyuki, utando wa buibui, handaki au faneli, na mzunguko kama wa konokono. Maumbo hayohayo watu huyaona kwenye homa, huyaona wanapoelekea usingizini, hata wanapojibinya macho gizani. Kwa nini? Kwa nini mtu wa Chicago na mtu wa jangwa la Meksiko waone handaki lilelile?

Swali lilingoja nusu karne. Mwaka 1979, Bard Ermentrout na Jack Cowan walilijibu kwa hesabu, na jibu lao ni zuri kiasi kwamba nataka kila mmoja aondoke nalo.

Chukua kapu refu la ukili, lisimamishe chini, ulichungulie kutoka juu. Mizunguko ya mdomo na kiuno cha kapu unaiona kama miviringo ndani ya miviringo, inapungua kuelekea kitako: ni handaki. Ukili wenyewe, ulioshonwa kwa kupanda mdogomdogo, unauona kama konokono. Sasa chukua kisu, lichane kapu ubavuni mpaka chini, ulikunjue sakafuni. Miviringo imekuwa mistari iliyonyooka. Konokono amekuwa mistari ya mshazari. Jicho na ubongo wanahusiana hivyo. Picha inayoingia jichoni ikifika kwenye gamba la ubongo kule nyuma inakuwa imekunjuliwa: duara jichoni ni mstari ubongoni, na mstari wa mshazari ubongoni ni konokono machoni.

Mnaona tunakoelekea? Ili mtu aone handaki, si lazima ubongo wake ubuni handaki. Inatosha mistari iliyonyooka ijitokeze kwenye gamba la ubongo, na yeye mwenyewe ataisoma kama handaki, kwa sababu hana namna nyingine ya kuisoma.

Na mistari inatoka wapi? Kila kundi la seli linawachochea majirani wa karibu na kuwatuliza walio mbali kidogo. Kwa kawaida nguvu hizo mbili zinasawazika, na macho yakifumbwa pale pametulia. Dawa ikija, au homa, ikaongeza wepesi wa seli kuchocheka, kuna kizingiti. Ukikivuka, utulivu hauwezi tena kusimama, na uwanja mzima unajigawa: mstari wenye moto, mstari ulionyamaza, mstari wenye moto. Hesabu ya aina hii alikuwa ameianzisha mwanahisabati Alan Turing mwaka 1952, akieleza jinsi mabaka na mistari inavyoweza kujitokeza yenyewe kwenye mwili wa kiumbe kinachokua. Ndiyo, mwaka uleule wa ngisi.

Mahandaki yalipatikana, na konokono pia. Masega na utando wa buibui vilihitaji kazi zaidi, kwa sababu modeli ya kwanza ilikuwa imesahau kwamba seli za eneo lile zina upendeleo: hii hupiga ikiona ukingo uliosimama, ile ukingo uliolala. Cowan, pamoja na Paul Bressloff, Martin Golubitsky na wenzao, waliongeza upendeleo huo na kutangaza mwaka 2001. Angalieni jinsi kazi ilivyokwenda. Orodha ya Klüver, iliyotokana na watu kusema tu walichoona, ndiyo iliyoihukumu hesabu. Hesabu iliposhindwa kutoa vizuri umbo mojawapo, ilibidi irekebishwe hesabu, na watu wakabaki na ukweli wao.

Turudi sasa kwa yule mzee. Aliitwa Charles Lullin, wa Geneva, na aliyeandika habari zake mwaka 1760 ni mjukuu wake, mwanasayansi Charles Bonnet. Lullin alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho, na nuru ilikuwa imefifia tena. Alijua kabisa kwamba anaowaona hawapo. Hakuwa mwendawazimu. Leo tunaiita hali hiyo kwa jina la mjukuu, na huwapata wengi waliopoteza uwezo wa kuona.

Mwaka 2013, David Reichert, Peggy Seriès na Amos Storkey wa Edinburgh walimtafuta Lullin ndani ya kompyuta. Walijenga mtandao wa neva bandia, wakaufundisha kwa picha mpaka ukaweza kujitungia wenyewe picha zinazofanana na zile. Kisha wakaupofusha. Picha zikakatika. Wakaziachia seli zake bandia kanuni moja ambayo seli hai wanayo: ukinyamazishwa mno, jiongezee wepesi wa kuchocheka mpaka urudie kiwango chako cha kawaida cha kazi. Haikutokea kitu mara moja. Seli zilipokuwa zimejirekebisha vya kutosha, mtandao uliopofushwa ukaanza kuona. Ukatoa picha kamili za vile ulivyofundishwa, bila chochote kuingia. Na kule kuchelewa ndiko wagonjwa wengi wanakokusimulia: kwanza giza, kisha baada ya muda, wageni.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Katika kanda yetu mtoto wa jicho bado anaongoza kwa kupofusha wazee. Wapo bibi na babu wangapi, huko vijijini, wanaona watu ukutani na hawathubutu kusema? Wanaogopa kuitwa wachawi. Wanaogopa kuambiwa wamepagawa. Nyinyi wauguzi mnaweza kuuliza kwa upole, "Bibi, je, huwa unaona vitu ambavyo wengine hawavioni? Huwapata wengi macho yakipungua nguvu." Sentensi mbili. Nimeona nyuso zikilegea kwa sentensi hizo mbili.

Nipite haraka kwenye kazi ya Chuo Kikuu cha Sussex, kwa sababu vijana wa kompyuta watakuwa wameisikia. Mwaka 2017, Keisuke Suzuki, Anil Seth na wenzao walirekodi video ya pande zote ya mazingira ya chuo, wakaipitisha kwenye DeepDream ya Google, programu inayotia ndani ya picha vitu ambavyo mtandao wake wa neva bandia umefundishwa kuvitambua, wakawavisha watu miwani ya uhalisia pepe. Mbwa wakachomoza kila mahali, kwenye kuta na kwenye nguo za wapita njia. Kwa nini mbwa? Kwa sababu mtandao ule wa DeepDream ulifundishwa kwa picha zenye aina nyingi sana za mbwa. Watazamaji walieleza mabadiliko ya kuona yanayofanana kwa kiasi na yale ya uyoga wenye sailosaibini. Lakini walipopimwa wanavyohisi muda, muda haukupotoka kama unavyopotoka kwa waliotumia dawa zenyewe. Mimi naona hilo ndilo tunda kubwa la jaribio: unaweza kubadilisha kuona peke yake, ukajua kipi katika hali ile kinatokana na macho na kipi kinatoka kwingine. Kwa mtu aliyekunywa dawa huwezi kuvitenganisha.

Na ipo kazi ya mwaka 2018 ya Gustavo Deco, Morten Kringelbach na wenzao, waliojenga ubongo mzima kwenye kompyuta na kuutia kwa hesabu LSD, dawa ya kulevya inayoleta maruweruwe. Walichukua ramani ya vipokezi vya aina ya 2A vya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, yaani eneo gani la ubongo lina vingi na lipi lina vichache, wakaongeza mwitikio wa seli kwa kuifuata ramani hiyo. Modeli ikafanana na picha za ubongo wa waliopewa LSD kweli. Walipoivuruga ramani, au wakaweka ya vipokezi vya aina nyingine, ulinganifu ukapungua. Mahali vipokezi vilipo ndipo palipoleta tofauti.

Ndugu zangu, nije kwenye kifafa.

Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwei, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, kusini mwa Tanzania, karibu na mwaka 1960. Alikuta wagonjwa wametengwa, wanakula peke yao, wengine wana makovu ya moto kwa sababu walipoanguka jikoni watu waliogopa kuwagusa. Mate yao yalidhaniwa yanaambukiza. Aliwapa dawa, na alifanya jambo la pili: aliwauliza na akaandika. Ndiyo sababu maelezo ya watoto wa kule wanaotikisa kichwa kana kwamba wanasinzia yalikuwepo kwenye maandishi yake miongo kadhaa kabla dunia haijaanza kuuzungumzia ugonjwa wa kutikisa kichwa.

Leo hii, Marseille nchini Ufaransa, Viktor Jirsa na wenzake wana programu inayochukua picha za ubongo wa mgonjwa mmoja, njia zake za neva zilivyopita, na kujenga ubongo wake yeye kwenye kompyuta. Wanaweka mlinganyo wa kifafa katika kila eneo, wanauliza moto unaanzia wapi na unasambaa vipi, kisha wanajaribu kukata hapa au pale ndani ya kompyuta kabla ya mpasuaji kugusa kichwa. Jaribio hilo limeingia katika hospitali za Ufaransa. Programu yenyewe inapakuliwa bure.

Nafurahi. Na nauliza: ni lini itakuwa zamu ya mtoto wa Mahenge? Kifafa cha huku kwetu kina sababu zake: malaria ya ubongo, minyoo ya tegu wa nguruwe ubongoni, usubi, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Modeli zilizolishwa ubongo wa Ulaya na Marekani zitaujuaje ubongo uliopita huko? Vijana wa kompyuta, hii ni kazi yenu. Milinganyo mnayo. Mashine za picha ni chache, hilo nalikubali na linaniumiza, lakini simulizi hazihitaji mashine. Na hakuna atakayewaletea kutoka nje.

Mtaniuliza, na kila nikizungumza haya huulizwa: je, ubongo ulioigwa unahisi? Ule mtandao wa Edinburgh uliwaona kweli wageni wake? Mwanafalsafa John Searle alisema mwaka 1980 kwamba hakuna anayetarajia kulowa kwa dhoruba iliyoigwa kwenye kompyuta. Wapo wanaompinga kwa hoja nzito, wakisema fahamu ni mpangilio wa kazi, na ukiuiga mpangilio wote umeileta fahamu yenyewe. Mwaka 2024 ilikamilishwa ramani ya ubongo wa nzi wa matunda, seli 139,255, na modeli iliyojengwa juu ya ramani hiyo ilitabiri ni seli zipi zitamfanya nzi anyooshe mdomo wake akionja sukari. Je, kulikuwa na utamu wowote mle? Mimi naamini haukuwepo. Naamini hivyo kwa sababu hesabu ile haina njaa, haina cha kupoteza. Lakini siwezi kumkesheza mtu usiku kucha akibishana nami, na sitaki hoja hiyo ituibie muda. Kwa mgonjwa aliyeko wodini hatuna shaka kwamba anahisi.

Kwa hiyo naomba mfanye hivi kuanzia zamu ijayo. Mtu akikwambia ameona kitu, muulize umbo lake, na mpe karatasi achore. Kiko kushoto, kulia, au katikati? Akigeuza macho, kinamfuata au kinabaki pale? Kina rangi? Kilianza kidogo kikakua, na kwa dakika ngapi? Kabla ya kuanguka, alisikia harufu, au tumbo lilipanda? Andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyatafsiri kuwa lugha ya hospitali, na andika saa. Karatasi hiyo ibaki ndani ya faili, hata kama daktari wa zamu anaona haina maana. Nanyi wa kompyuta, nendeni wodini kwa ruhusa na kwa heshima, mkae na wauguzi hawa kabla hamjaandika mstari mmoja wa programu.

Sasa nakaribisha maswali. Tuanze na dada zetu waliotoka zamu, maana wana usingizi wa kwenda kuulala.